Kuona Si Kupona: Hivi Ndivyo Konea Yako Hujijenga Baada ya Leza ya Macho

Hii maisha ya miwani unaijua vizuri. Shuleni ulikuwa unakaa dawati la mbele, si kwa sababu unampenda mwalimu, ni kwa sababu ukikaa nyuma ubao unageuka ukungu mtupu. Pea ya kwanza uliikalia kwa mat. Ya pili ilipotea kwa sherehe. Saa hii umepata kakazi, umeweka doo kidogo kidogo, na umeskia kuna leza inaweza kumaliza hiyo stori ndani ya dakika chache. Unaenda. Kesho yake asubuhi unaamka, unachungulia dirishani, na unasoma namba ya mat ya Rongai ikiwa bado mbali. Manze! Unataka kupiga nduru.

Hapo ndipo wasee wengi huteleza. Kwa sababu wanaona fiti, wanadhani wamepona. Siku mbili baadaye wako uwanjani wakipiga mpira, wikendi wako klabu kwa moshi, na yale matone walipewa yamesahaulika kwa mfuko wa jaketi. Ukweli ni kwamba kuona ni kitu kimoja na kupona ni kingine. Jicho linaweza kukupa picha safi baada ya usiku mmoja, lakini kidonda chenyewe kinachukua miezi kujijenga, na kuna sehemu haitarudi kamwe vile ilikuwa.

Kama unafikiria kufanyiwa, au ushafanyiwa na uko kejani na miwani ya jua saa hii, soma hii mpaka mwisho.

Konea ni nini hasa?

Konea ni kile kioo cha mbele kabisa cha jicho, kinachofunika ule mviringo wenye rangi. Ukijiangalia kwa kioo huioni, maana ni angavu kabisa. Upana wake ni karibu milimita 11 hadi 12. Unene wake pale katikati ni kama nusu milimita tu, yaani mikroni 540 hivi (milimita moja ni mikroni 1,000). Kadi yako ya ATM ni nene kuliko hiyo.

Usidharau wembamba wake. Karibu theluthi mbili ya kazi yote ya kupinda mwanga ili uone vizuri inafanywa na konea. Lenzi iliyo ndani ya jicho inamalizia tu. Ndio maana ukibadilisha umbo la konea kidogo sana, namba za miwani zinabadilika sana.

Ndani ya hiyo nusu milimita kuna matabaka, na kila moja lina tabia yake likiumia:

- Epithelia ndiyo ngozi ya juu. Ina unene wa mikroni 50 hivi, na ndiyo inajua kujirekebisha haraka. Seli zake huzeeka, zikaoshwa na machozi, na mpya zikachukua nafasi ndani ya siku 7 hadi 10.
- Tabaka la Bowman liko chini yake. Ni jembamba, na likiondolewa halioti tena.
- Stroma ndiyo mwili wenyewe wa konea, karibu asilimia 90 ya unene wote. Imejaa nyuzi za kolajeni zilizopangwa kwa nafasi sawasawa, ndio maana mwanga unapita bila kutawanyika. Huo mpangilio ukivurugika, kioo kinashika ukungu.
- Endothelia iko nyuma kabisa. Ni safu moja tu ya seli, na kazi yake ni kuvuta maji yatoke ndani ya konea isivimbe. Seli zake zikifa hazizaliwi zingine.

Kitu kingine: konea haina mishipa ya damu. Ukijikata kidole, damu inaleta mafundi na vifaa vya ukarabati chap chap. Konea haina hiyo barabara. Oksijeni yake inatoka kwa hewa kupitia machozi. Hiyo ndiyo bei ya kuwa kioo. Unapata uangavu, lakini ndani kabisa kwa stroma ukarabati unaenda polepole sana.

Leza inafanya nini huko ndani?

Leza inayochonga konea inaitwa ekisima. Inatoa mwanga wa urujuanimno ambao huwezi kuuona, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Haikati kama kisu na haichomi kama moto. Inavunja vifungo vya molekuli, na kila mpigo unaondoa sehemu ndogo tu ya mikroni moja.

Chanzo chake kitakuchekesha. Mwaka wa 1981, mtafiti wa kampuni ya IBM kule Marekani, Rangaswamy Srinivasan, alibeba mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya Thanksgiving hadi maabara, akaipiga ile nyama leza. Ikakatika safi bila kuungua pembeni. Mwaka wa 1983, yeye na daktari wa macho Stephen Trokel wakaandika kuhusu kuitumia kwa konea. Mwaka wa 1995 serikali ya Marekani ikaruhusu matibabu ya PRK, na leo leza ya macho inapatikana mpaka hapa Nairobi.

Kwa mtu asiyeona mbali, leza inapunguza unene pale katikati ili konea iwe bapa zaidi. Kwa makadirio, kila dayopta moja inakula mikroni 12 hadi 15. Kama miwani yako ni -4, toa mikroni 50 hadi 60 kwa zile 540 zako. Hiyo nyama ikitoka imetoka. Haikui tena, na ndio maana matokeo yanadumu.

Njia tatu, vidonda vitatu

Kabla uulize utapona lini, jua umefanyiwa nini. Majina ni matatu.

LASIK: daktari anakata kifuniko chembamba juu ya konea, kama mikroni 100 hadi 120, na kuacha sehemu moja ikishika kama bawaba ya mlango. Anakiinua, leza inachonga stroma iliyo chini, kisha kifuniko kinarudishwa. Hakunanga uzi wala gundi.

PRK: hakuna kifuniko. Epithelia ya katikati inaondolewa yote, leza inachonga moja kwa moja, halafu unavalishwa lenzi laini kama bandeji wakati ngozi mpya inaota.

SMILE: leza ya aina nyingine inakata kipande chembamba ndani ya stroma, kisha daktari anakivuta kupitia tundu dogo la milimita 2 hadi 4. Juu konea inabaki karibu nzima.

Ukifanyiwa LASIK: kalenda ya kupona

Saa za kwanza 4 hadi 6 jicho linawasha, linatoa machozi, linahisi kama lina mchanga. Lala. Kulala ndiyo dawa nzuri zaidi hapo.

Kifuniko kinashikaje bila uzi? Zile seli za endothelia zinaendelea kuvuta maji, na huo mvuto unakibana kifuniko chini. Wakati huo huo epithelia inatambaa kuziba ule mstari wa pembeni. Ndani ya siku moja hivi mstari umezibwa, na kwa sababu katikati ya kifuniko ngozi haikuguswa, unaona vizuri mapema. Ndio ile furaha ya mat ya Rongai.

Lakini kuzibwa si kushikana. Hiyo ni kama rangi juu ya ufa, ufa wenyewe bado uko. Ndio maana wiki ya kwanza unapewa ngao ya plastiki ya kulala nayo. Ukifikicha jicho usingizini, kifuniko kinaweza kujikunja au kusogea. Siku za kwanza pia kunaweza kutokea uvimbe chini ya kifuniko ambao madaktari wameubandika jina la mchanga wa Sahara, kwa sababu kwa mashine unaonekana kama mawimbi ya jangwani. Ukigunduliwa mapema unatibika. Kwa hivyo ile miadi ya kesho yake usiiruke ati kwa sababu unaona poa.

Kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa tatu macho yanazidi kutulia. Usiku taa za magari zinaweza kuwa na duara za mwanga, na mara nyingi hizo hupungua na wakati.

Sasa ile sehemu haisemwangi sana. Mwaka wa 2005 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya konea za watu waliokuwa wamefanyiwa LASIK na baadaye wakafariki. Pembeni mwa kifuniko, pale kovu lilikuwa limeshika zaidi, nguvu ilifika karibu asilimia 28 ya konea ya kawaida. Katikati ilibaki karibu asilimia 2.4. Hata baada ya miaka. Yaani kifuniko kinakaa mahali pake, kinafanya kazi, utaishi nacho vizuri, lakini hakirudi kuwa kitu kimoja na stroma kama zamani. Kuna watu wamepigwa na kitu jichoni miaka kadhaa baadaye na kifuniko kikasogea. Si jambo la kila siku, ila kama wewe ni mtu wa ndondi, raga au karate, mwambie daktari kabla hajachagua njia. Wengi wa hiyo michezo hushauriwa njia isiyo na kifuniko.

Ukifanyiwa PRK: uvumilivu ndio mpango

Hapa maumivu ni ya ukweli. Umeondolewa ngozi ya upana wa milimita 8 hivi, na konea ina neva nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Siku 2 au 3 za kwanza mwanga unachoma, macho yanamwagika machozi, na simu huwezi kuishika. Panga likizo mapema.

Seli za pembeni zinaanza kuteleza kuelekea katikati kutoka kila upande. Kati ya siku ya 3 na ya 5 zinakutana, na daktari anaondoa ile lenzi ya bandeji. Na hapa ndipo watu hustuka: mahali zinakutana panabaki na kamstari kalikoinuka, tena katikati kabisa ya njia ya mwanga. Unaweza kuona vibaya siku ya 5 kuliko siku ya 2. Usidhani pesa yako imeenda. Seli zinajipanga, zinalainika, na macho yanafunguka wiki baada ya wiki. Wengine huchukua mwezi, wengine mitatu.

Hata baadaye epithelia haiachi kujipanga. Ikikuta konea imefanywa bapa, inaongeza unene kidogo pale katikati kama fundi anayejaza shimo. Ndiyo sababu moja ya namba kurudi kidogo, hasa kwa waliokuwa na namba kubwa.

Ukungu, jua la Nairobi na matone

Epithelia ikiumia, inatuma ujumbe wa kemikali chini. Seli za stroma zilizo karibu zinakufa ndani ya saa chache, halafu jirani zake zinazaana kuja kukarabati. Baadhi ya hizo mpya hugeuka kuwa seli za kovu, ambazo si angavu, na zinatandika kolajeni bila mpangilio. Hapo ndipo ukungu unatokea. Hatari iko zaidi kwa PRK ya namba kubwa, na inaweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, wakati ushajisahau. Ndio maana kwa namba kubwa daktari anaweza kupaka dawa ya mitomaisini kwa muda mfupi palepale mezani, na ndio maana unapewa matone ya steroidi ya kupunguza hatua kwa hatua.

Jua linachochea huu ukungu. Nairobi iko karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo urujuanimno huku ni mkali hata siku ya mawingu. Miwani ya jua si luku tu. Hakikisha imeandikwa UV400, kwa sababu ile nyeusi tupu ya barabarani inaweza kukupa giza bila kukupa kinga.

Sasa skiza vizuri kuhusu matone, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza macho:

1. Steroidi si ya kuongeza mwenyewe kwa kemisti. Ikitumika muda mrefu bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na hiyo presha inaua neva ya kuona kimya kimya. Hiyo inaitwa glakoma, na kilichopotea hakirudi. Pia inafungulia wadudu mlango.
2. Matone ya ganzi si ya kubeba nyumbani. Yanaondoa uchungu, sawa, lakini ukiyarudia rudia yanazuia epithelia kuota, na konea inaweza kuyeyuka mpaka kovu. Ukizidiwa na uchungu, piga simu hosi.
3. Maji ya mfereji, mate, maziwa ya mama, majani ya shosh: hapana. Shosh anakupenda, lakini jicho lenye kidonda halina mlango wa kuzuia vidudu.

Neva: wa mwisho kufika

Jicho kukauka baada ya leza ni malalamiko ya kawaida kuliko yote. Sababu ni neva. Neva za konea ndizo huambia ubongo "hapa pamekauka, leta machozi, pepesa." LASIK inazikata karibu kuzunguka duara lote la kifuniko. Kwa hivyo jicho linakauka na taarifa haifiki vizuri.

Neva huota polepole. Wengi huhisi nafuu ndani ya miezi 6 hadi 12. Lakini utafiti uliohesabu neva kwa darubini ulikuta zinarudi karibu na idadi ya awali baada ya kama miaka 2 kwa PRK, na kama miaka 5 kwa LASIK. Kuna wachache ambao ukavu unawaganda. Kama macho yako yashaanza kukauka hata kabla ya kufanyiwa, sema kliniki, usifiche ati usikataliwe.

Kila siku tumia machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi kama ulivyoagizwa. Kama kazi yako ni ya kompyuta, kumbuka kupepesa, maana mbele ya skrini tunapepesa kidogo sana. Kama wewe ni wa nduthi, teremsha kioo cha helmeti. Vumbi na upepo ni adui wa konea mbichi.

Kabla ujiandikishe

Leza haifai kila mtu. Lazima uwe umefika miaka 18, na namba zako ziwe hazijasonga kwa mwaka hivi. Ukiwa na mimba au unanyonyesha, ngoja. Ukivaa lenzi za machoni, utaambiwa uziache kwanza kwa wiki moja au zaidi, kwa sababu zinabadilisha umbo la konea na vipimo vitadanganya.

Kipimo kikubwa ni ramani ya konea. Kuna ugonjwa unaitwa keratokonasi, ambapo konea inakuwa nyembamba na kuchongoka mbele kama koni. Ukichongwa leza ukiwa nao, konea inaweza kulegea kabisa. Dalili yake ni namba zinazobadilika kila mara na miwani isiyosaidia vizuri. Tabia inayohusishwa nao ni kufikicha macho, na huku kwetu watoto wengi hukua na aleji ya macho inayowasha, wakifikicha miaka na miaka. Kama ulikuwa huyo mtoto, mwambie daktari.

Uliza maswali mawili: "Konea yangu ina mikroni ngapi?" na "Zitabaki ngapi?" Kwa LASIK, kawaida ya chini kabisa ni mikroni 250 zibaki chini ya kifuniko, na madaktari wengi wanataka zaidi. Kliniki ikikuambia hayo hayakuhusu, beba mkoba wako utoke.

Kimbia hosi ukiona hivi

- Uchungu unaoongezeka badala ya kupungua, hasa kwa LASIK siku ya pili au ya tatu.
- Kuona kushuka ghafla.
- Jicho jekundu linalotoa usaha.
- Umegongwa jichoni, hata kama ni mtoto tu amekudunga kidole, hata kama ni miaka baada ya LASIK.

Usingoje asubuhi, na usiulize kwanza mbogi ya WhatsApp.

Ya kubeba nyumbani

Ratiba ya kawaida inakaa hivi, lakini ya daktari wako ndiyo sheria: vipodozi vya macho, ngoja wiki 1 hadi 2. Kuogelea, ngoja wiki kadhaa. Mpira na michezo ya kugongana, ngoja mwezi au zaidi, na ukirudi vaa kinga ya macho. Kufikicha macho, hiyo acha milele. Na ukifika miaka ya 40, miwani ya kusomea inaweza kubisha hodi tu, kwa sababu hiyo ni lenzi ya ndani ikizeeka, si konea.

Kwa hivyo siku utaamka na kusoma ile namba ya mat, furahi, umengoja sana. Piga selfi. Halafu weka kengele ya matone kwa simu, vaa ngao yako, ulale. Huko ndani, fundi bado yuko kazini.